Je, Wajua? Pikipiki Iliyolala Baridi Nzima na Oili Iliyo Sakafuni

Je, wajua kwamba Ujerumani kuna namba za pikipiki zinazofanya kazi miezi fulani tu ya mwaka? Zilianza kutolewa mwaka 1997. Pembeni mwa namba huandikwa mwezi wa kuanzia na wa kumalizia, kwa mfano 03 juu na 10 chini, yaani pikipiki hiyo inaruhusiwa barabarani kuanzia Machi hadi Oktoba. Miezi iliyobaki haiendeshwi wala haiegeshwi njiani, hulala gereji. Machi ikifika, milango ya gereji hufunguliwa nchi nzima, na wengi hulakiwa na doa jeusi chini ya injini.

Je, wajua kwamba doa hilo haliwezi kukuambia oili imetokea wapi? Oili huteremka kufuata mbavu za injini, bolti na nyaya, kisha hudondoka pale palipo chini kuliko pote. Kwa hiyo bolti ya kumwagia oili hulaumiwa mara nyingi kwa makosa ya gasketi iliyo juu yake. Pikipiki ikiwa mwendoni ni vigumu zaidi, kwa sababu upepo huisukuma oili nyuma na kuisambaza. Chanzo kitafute juu na mbele: mahali palipolowa palipo juu kuliko pengine pote ndipo pa kuanzia.

Je, wajua kwamba katika pikipiki nyingi za Kiingereza za zamani, oili inaweza kutoweka kwenye tangi lake bila hata tone moja kufika sakafuni? Triumph Bonneville ya mwaka 1959 na Norton Commando iliyoonyeshwa London mwaka 1967 ni injini za sampu kavu. Oili yake haikai chini ya injini. Hukaa kwenye tangi la pembeni, juu kuliko pampu. Pampu ina pande mbili: mmoja hupeleka oili kwenye beringi, wa pili huifyonza kutoka chini ya injini na kuirudisha tangini. Upande wa kufyonza hutengenezwa uwe na uwezo mkubwa zaidi ili chini pasibaki kitu. Injini ikizunguka, mambo ni mazuri. Ikilala wiki kadhaa, uzito wa oili peke yake huisukuma ipenye kwenye pampu kidogo kidogo, mpaka ijae mnamozunguka krankshafti. Kwenye Norton hupita katikati ya meno ya gia za pampu. Kwenye Triumph, ambayo pampu yake ni ya vijipistoni, hupita pale kigololi cha kuzuia kinaposhindwa kukaa sawasawa kwa sababu ya uchafu.

Hapo ndipo kosa kubwa la mwisho wa baridi hufanyika. Mwenye pikipiki anafungua tangi, anakuta pakavu, anajaza oili mpya. Sasa injini ina oili karibu maradufu. Anapiga kiki. Triumph na Norton hizo zina pistoni mbili zinazopanda pamoja na kushuka pamoja, kwa hiyo katika injini ya sentimita za ujazo 650, hewa ya kiasi hichohicho husukumwa chini kila pistoni zinaposhuka. Hewa hiyo inahitaji nafasi na njia ya kutokea, na nafasi yote imeshachukuliwa na oili. Oili inatoka kwenye bomba la kupumulia, inapita kwenye sili, inajipenyeza kwenye maungio, na tangi nalo linafurika pampu inapoanza kurudisha ilichokikuta chini. Mwenyewe anaona mafuriko, anaamini kila gasketi imekufa, na injini nzima inafunguliwa kwa ugonjwa ambao haikuwa nao. Inauma kuona injini nzuri ikivuliwa namna hiyo, maana injini ya zamani kila ikifunguliwa hupoteza kitu.

Dawa yake? Kabla ya kuongeza oili na kabla ya kugusa kiki, weka beseni safi chini, fungua bolti ya sampu, uone kinachotoka. Oili ikiwa bado safi, irudishe tangini. Ikiwa ni ya mwaka jana, badilisha yote. Kisha washa na uchungulie tangini uone kama oili inarudi. Kazi yote haizidi nusu saa.

Je, wajua kwamba Norton wenyewe waliliona tatizo hili? Commando 850 Mk III ya mwaka 1975 ilitoka kiwandani ikiwa na vali ya kuzuia oili isiteremke pikipiki ikiwa imesimama. Leo madukani huuzwa vali na bilula za kuongezea kwenye bomba la kupeleka oili kwa pikipiki ambazo hazikuja nayo. Mafundi wa pikipiki za kale hubishana juu yake kwa ukali, na mimi nipo upande wa wanaozikataa. Vali ikikwama imefungwa, au bilula ikisahaulika kufunguliwa, pampu haipati oili na beringi huungua kabla hujamaliza mtaa wako. Afadhali kumwaga sampu mara moja kwa mwaka.

Je, wajua kwamba Honda CB750 ya mwaka 1969, pikipiki iliyowashtua Waingereza, nayo ilikuwa ya sampu kavu? Tofauti kubwa ilikuwa mahali pengine. Kasha la injini za Triumph na Norton limegawanywa wima, kushoto na kulia, kwa hiyo mstari wa maungio hushuka hadi chini kabisa, palipo na oili. Honda waligawanya la kwao kwa mlalo, juu na chini. Maungio yakapanda mbali na dimbwi la oili, na sababu moja ya zamani ya kuvuja ikapunguzwa kwenye ubao wa mchoraji, kabla ya gasketi kukatwa.

Harley-Davidson nyingi nazo hutumia sampu kavu, na ukisoma dipstiki injini ikiwa baridi baada ya miezi mitatu, inaweza kukudanganya. Kipimo cha mwisho huchukuliwa injini ikiwa moto, kwa namna kitabu cha pikipiki kinavyoelekeza. Ukipima ikiwa baridi, lengo ni kujua tu kama ipo ya kutosha kuwashia.

Je, wajua kwamba BMW za injini bapa, zile zenye silinda moja kushoto na nyingine kulia, zikiegeshwa muda mrefu kwa stendi ya pembeni zinaweza kutoa wingu la moshi siku ya kwanza kuwashwa? Pikipiki imeegemea kushoto, oili kidogo imepita kwenye ringi na kuingia silinda ya kushoto, nayo huungua injini inapowaka. Moshi ukiisha baada ya muda mfupi, hakuna kilichoharibika. Mwaka ujao tumia stendi ya katikati.

Sasa tuje kwenye mpira.

Je, wajua kwamba sili ya shafti inahitaji kulowa oili ili iweze kuzuia oili? Mdomo wa sili haugusi chuma kikavukikavu. Huteleza juu ya utando mwembamba sana wa oili, na nyuma yake kuna springi ndogo ya duara inayoubana. Pikipiki ikilala miezi minne, utando huo hukauka, mdomo hushika umbo la mahali ulipolala, na baridi huukaza mpira. Ndiyo maana sili inaweza kutoa jasho la oili safari ya kwanza, kisha ikanyamaza baada ya injini kupata moto na mpira kulainika. Ipe pikipiki yako nafasi hiyo kabla ya kununua sili mpya. Lakini ni kwa jasho tu. Tone linalodondoka halisubiriwi.

Wazo la sili hii lina kwao. Kampuni ya Freudenberg ya Weinheim, Ujerumani, ilianza mwaka 1849 kama kiwanda cha kutengeneza ngozi, na sili zake za kwanza za shafti zilikuwa na mdomo wa ngozi. Mhandisi aliyezibuni, Walther Simmer, alizipa jina lake, na mafundi wa Kijerumani mpaka leo huita sili ya shafti Simmerring, hata ikiwa ya kampuni nyingine.

Je, wajua kwamba mpira unaostahimili joto zaidi si lazima ustahimili baridi? Sili nyingi za pikipiki ni za mpira wa naitraili, ambao kwa kawaida hubaki laini hadi karibu nyuzi 30 chini ya sifuri. Vitoni hustahimili joto la karibu nyuzi 200, lakini aina yake ya kawaida huanza kukakamaa karibu na nyuzi 20 chini ya sifuri. Anayelaza pikipiki kwenye banda lisilo na joto kaskazini mwa Kanada au Ufini anayo sababu ya kuuliza sili yake ni ya mpira gani.

Sili mpya ikivuja siku ileile, angalia shafti. Unyevu wa gereji hutia kutu chuma pale mdomo wa sili ulipogusa, na hapo hubaki mkwaruzo usiozibwa na mpira wowote. Wapo mafundi wanaoisogeza sili mpya kidogo ili mdomo wake uangukie chuma kizima. SKF hutengeneza kijibati cha chuma cha kuvisha juu ya shafti iliyolika, chenye unene wa takriban milimita 0.28, chembamba kiasi kwamba sili ya kipimo kilekile huingia juu yake.

Je, wajua kwamba gasketi ya karatasi hunywea ikikauka? Ikinywea, bolti zilizokuwa zimekaza hubaki zimelegea. Inatosha kuzipitia kwa spana, ukienda kwa mkato wa msalaba na kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu. Nguvu hiyo iheshimu. Kasha ni la aluminiamu na bolti ni ya chuma cha pua au chuma cha kawaida; ukizidisha, meno ya kwenye aluminiamu ndiyo hung'oka. Watu wengi wamegeuza jasho la oili kuwa tundu lisilo na meno kwa robo mzunguko mmoja wa hasira.

Washa ya shaba iliyo kwenye bolti ya kumwagia oili hugandamizwa mara moja tu. Ya pili ikikosekana, ipashe moto hadi iwe nyekundu hafifu, iache ipoe au itumbukize majini. Shaba hulainika tena.

Je, wajua kwamba kuwasha pikipiki dakika tano kila wiki katikati ya baridi huiumiza zaidi ya kuiacha ilale? Petroli ikiungua hutoa maji, na lita moja ya petroli huzaa karibu lita moja ya maji. Sehemu kubwa hutoka na moshi wa ekzosi, lakini injini baridi huyashika mengine ndani, ambako huchanganyika na oili na kuwa uji wa rangi ya maziwa. Uji huo hujikusanya chini ya kifuniko cha oili na ndani ya bomba la kupumulia. Kukiwa na barafu, huganda. Bomba likiziba, mgandamizo unaotoka chini ya pistoni hukosa njia, unatafuta sili iliyo dhaifu kuliko zote na kuisukuma nje. Kwa hiyo kabla ya kununua sili, vua bomba la kupumulia ulipulize.

Anayetaka kuitendea haki pikipiki humwaga oili kabla ya baridi, injini ikiwa moto, badala ya kungoja mwisho wake. Oili iliyotumika ina maji na asidi, na miezi yote ya kulala huwa imegusana na beringi.

Sasa jambo la hatari kuliko yote niliyotaja. Je, wajua kwamba injini inaweza kuvuja kwa sababu oili imezidi, wakati wewe hukuongeza hata tone? Kwenye pikipiki za kabureta, sindano ya floti ikikwama kwa utando wa petroli iliyochacha, petroli huendelea kuteremka kutoka tangini. Inajaza kabureta, inaingia silinda, inapita kwenye ringi, inatua kwenye sampu. Oili huwa nyepesi kama maji na kupita mahali ambapo oili nzito haikupita. Chomoa dipstiki unuse. Ikinuka petroli, au ikionyesha kiwango kilichopanda, usiwashe. Funga koki, toa plagi, zungusha injini taratibu kwa mkono mbali na moto wowote, kwani silinda iliyojaa petroli haigandamiziki na inaweza kupinda konrodi mara tu selfu inapobonyezwa. Mwaga oili yote, tengeneza kabureta, ndipo ujaze upya. Uingereza iliifanya petroli yenye ethanoli hadi asilimia 10 kuwa ya kawaida vituoni mwezi Septemba 2021, na mpira wa mifumo ya zamani ya petroli hauipendi. Wenye pikipiki za kale huko wana sababu ya kunusa dipstiki kila mara.

Unatafutaje chanzo? Osha injini kwa dawa ya kuondoa grisi, ikaushe kabisa, kisha nyunyiza poda ya mtoto juu ya maungio unayoyashuku. Washa, iache ipate moto au zunguka nayo mtaa mmoja. Mstari mweusi utachorwa kwenye poda, na mwanzo wake ndio chanzo. Fundi mwenye vifaa huweka rangi maalumu ndani ya oili na kumulika kwa taa ya mionzi ya urujuanimno. Oili hung'aa kijani kibichi palipo na ufa. Usiioshe injini kwa maji ya mgandamizo mkubwa. Yakielekezwa kwenye sili, huingia ndani.

Oili iliyo nyuma ya kifuniko cha spoketi ndogo huwachanganya wengi. Inaweza kuwa sili ya shafti ya gia, sili ya kijiti cha klachi ambacho kwenye pikipiki nyingi za Kijapani hupita hapohapo, au swichi ya nyutro. Na inaweza kuwa grisi ya cheni tu, iliyorushwa mwaka jana na kuyeyuka. Pangusa kwanza. Grisi ya cheni hunata na ina mchanga. Oili ya injini huteleza.

Je, wajua kwamba pampu ya maji ya pikipiki nyingi ina tundu dogo lililowekwa makusudi ili livuje? Lipo katikati ya sili mbili, moja ya maji na moja ya oili. Likitoa maji ya rejeta, sili ya maji imekufa. Likitoa oili, ni ile nyingine. Usilizibe kwa gundi. Ukiliziba, maji na oili vitakutana ndani.

Kuvuja kunakoanza saa ileile baada ya kubadilisha oili, chunguza filta. Mara nyingi pete ya mpira ya filta ya zamani imebaki imeng'ang'ania injini, na filta mpya imefungwa juu yake. Pampu ikipata nguvu, pete mbili huteleza na oili yote inaweza kumwagika kwa muda mfupi sana.

Dawa za chupa za kuzuia kuvuja hulainisha na kuvimbisha mpira uliokakamaa. Husaidia kidogo hapo, hazisaidii sili iliyochanika wala gasketi iliyokatika. Na kumbuka kwamba pikipiki nyingi huilowesha klachi kwa oili hiyohiyo ya injini, kwa hiyo kila unachomimina kinafika klachini. Kwa sababu hiyohiyo, tafuta oili yenye alama ya JASO MA; baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano vinavyoifanya klachi iteleze.

Oili ya sintetiki je, husababisha kuvuja? Sifa hiyo mbaya ilitokana na oili za miaka ya 1970, ambazo baadhi zilifanya sili zinywee. Za leo huchanganywa na viungo vinavyorudisha uwiano.

Tone moja la oili kwenye tairi la nyuma ni hatari kuliko lita moja sakafuni. Kabla ya safari ya kwanza, papasa upande wa tairi na diski ya breki. Tairi husafishwa. Pedi za breki zilizonyonya oili hutupwa. Kuzichoma au kuzipiga msasa hakuzirudishi.

Je, wajua kwamba kwetu, ambako hakuna theluji, ugonjwa huu upo? Bodaboda ya Kampala, Mombasa au Mwanza hailali baridi, lakini ipo iliyokaa mwaka mzima yadi ya polisi, au nyuma ya nyumba mwenyewe alipohama. Jua hukausha gasketi, kutu hukaa chini ya mdomo wa sili, sindano ya floti hukwama vilevile. Bajaj Boxer na ndugu zake huhifadhi oili chini ya injini, kwa hiyo mkasa wa tangi tupu haziujui. Wa petroli ndani ya oili zinaujua vizuri. Pikipiki iliyokaa muda mrefu usiipige kiki kabla ya kunusa dipstiki, hata kama muuzaji ameshika kishikio na anakuharakisha.

Oili uliyoimwaga je? Shirika la mazingira la Marekani, EPA, husema oili ya kubadilisha mara moja tu inaweza kuchafua galoni milioni moja za maji safi. Ujerumani, sheria inamtaka anayekuuzia oili ya injini apokee bure oili chafu kwa kiasi kilekile ulichonunua kwake. Ukiwa huko, tunza risiti na urudishe oili chafu kwenye galoni ileile uliyonunulia.